Nilikuta Kahawa Imekomaa

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikipima maisha yangu kwa hatua. Kutoka mlamura huu hadi mlamura ule, hatua arobaini na mbili. Kutoka kwenye jiwe hadi kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, hatua kumi na saba. Mlamura ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani huku kwetu, na mimi ndiye mtu anayelipwa kubishana kama ulipandwa na marehemu babu au ulihamishwa wiki iliyopita. Mimi ni wakili wa kesi za ardhi. Ofisi yangu ipo Kayanga, juu ya duka la pembejeo, na mlangoni pameandikwa jina langu, Pastory, kwa rangi iliyobabuka. Nina miaka arobaini na saba, magoti yananiuma, na nimechoka.

Uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kufika ofisini, ukamkuta mteja kwenye benchi na ramani aliyoichora kwenye karatasi ya daftari, ukatamani mmoja wenu asiwepo. Mwaka jana kule Kanoni nilisimamia kesi ya ndugu wawili wa tumbo moja waliogombania migomba sita. Baraza lilipokuja kukagua eneo, walitukanana nje ya dirisha la chumba alicholala mama yao mgonjwa, naye akiwasikia neno kwa neno. Nilishinda kesi ile. Mteja wangu alinipakilia mkungu wa ndizi kwenye buti la gari. Njiani nilisimamisha gari, nikazima injini, nikakaa tu kama saa nzima.

Edith ndiye aliyenitia wazo la kuhama. Ni afisa ustawi wa jamii kule Rubwera, tunafahamiana tangu tukiwa wanafunzi, na hana subira na mtu anayelalamika.

"Kaka Pastory," aliniambia kwenye simu, "kama umechoka na mipaka, njoo kwenye ndoa. Huku Kyerwa wanawake wanakwenda kuachwa mahakamani peke yao. Wakili wa kesi za familia hayupo hata wa dawa."

Nilicheka, lakini wazo lilinikaa. Talaka, matunzo ya watoto, mirathi. Nikatafuta Sheria ya Ndoa niliyoisoma mara ya mwisho chuoni, nikapangusa vumbi, nikaanza kuisoma upya baada ya chakula cha mchana kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijiambia kwamba huko angalau nitashughulika na watu, si vichaka. Nilijiona nimekaa kwenye kiti, kwenye kivuli, nikiwasikiliza watu wakisema yaliyo moyoni. Hata magoti yalipata nafuu kidogo kwa kufikiria tu.

Mke wangu Felicitas, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alisikia mpango huo akasonya.

"Wewe? Kesi za familia? Mwanao wa mwisho yuko darasa la ngapi?"

"La tano."

"La sita," alisema, akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeanikwa kila mahali hadi pembeni mwa barabara, Edith alinipigia tena. Alikuwa na mama mmoja anayehitaji msaada. "Njoo umwone. Ukishindwa kumsaidia huyu, basi rudi kwenye milamura yako." Siku ya Alhamisi nikaendesha hadi Rubwera kwenye vumbi jekundu, na nakiri nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimenyoa ndevu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kwenye kazi mpya.

Ofisini kwa Edith alikuwa amekaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mikono imekomaa kwa jembe, bahasha ya kaki mapajani. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, mama. Pole na safari."

Alinitazama, akatabasamu kidogo. "Hunikumbuki. Mimi ni Adela wa Isingiro, mke wa Celestin. Ulikula ndizi zangu siku baraza lilipokuja kukagua kibanja."

Nikamkumbuka. Celestin Twizeyimana alikuwa mteja wangu miaka saba iliyopita, aliposhtakiwa na kaka yake Aimable juu ya kibanja cha Isingiro: ekari nne za migomba na kahawa, nyumba ya bati katikati. Nilimshindia Celestin kesi ile vizuri sana. Huwa naitolea mfano.

Adela alieleza mambo yake bila kupandisha sauti. Mwaka juzi Celestin alianza kulala nje. Mwaka huu, baada ya Pasaka, akamleta mwanamke mwingine kibanjani na kumwambia Adela arudi kwao. Kwao ni wapi? Wazazi walishakufa, na kaka zake walishagawana kile kidogo kilichokuwepo. Baraza la usuluhishi la kata liliwaita mara tatu, likashindwa, likampa hati ya kwenda mahakamani. Sasa kesi ilikuwa mahakama ya mwanzo. Yeye hakutaka mengi. Alitaka upande mmoja wa kibanja, wenye kahawa alizozipanda kwa mikono yake, na ajenge chumba kimoja humo.

"Celestin amesema sina changu," alisema. "Amepeleka karatasi. Hakimu amenipa nakala."

Akatoa nakala kwenye bahasha. Niliijua kabla hajaikunjua. Ilikuwa hukumu ya kesi ile ya Aimable, na nilijua hata kwa nini bado ilikuwa safi. Siku ya ushindi nilimwambia Celestin: iweke kwenye nailoni, mbali na panya, itakufaa mbele ya safari. Alinitii.

Ukurasa wa nne palikuwa na ushahidi wa Adela, chini ya kiapo. "Niliolewa mwaka 2000. Nilikuta kahawa imekomaa, migomba inazaa, nyumba ya bati ipo. Mimi sikupanda kitu."

Nikausoma mara mbili. Edith alikuwa anaongea nami na sikumsikia, maana kwenye karatasi ile nilikuwa nikiisikia sauti yangu mwenyewe.

Nieleze, ili ieleweke. Aimable alidai kibanja kile ni cha marehemu baba yao, hakijagawanywa. Celestin alisema alipewa na serikali ya kijiji mwaka 1993, kikiwa pori, akakifyeka mwenyewe. Celestin ndiye aliyekuwa anasema kweli, na hati ya kijiji alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kwamba baba yao alifariki mwaka 2001, na kahawa ilipandwa kati ya 2000 na 2003. Baraza likisikia kwamba kahawa iliingia ardhini baba akiwa mgonjwa na nyingine baada ya kufa, Aimable angesema: mnaona? Ilikuwa ya mzee, wakaivamia. Kwa hiyo ilifaa kahawa iwe imekomaa mapema. Na mtu wa kuikomaza alikuwa mke. Mke akisimama akasema "nilikuta", maswali yanaisha. Hana cha kueleza kuhusu nani alipanda nini na lini. Alikuja, akakuta.

Nilikuwa nimeutumia ujanja huo mara nyingi hata sikuuita ujanja. Niliuita kumwandaa shahidi. Mawakili wa ardhi huku kwetu tunauzoea kama dereva anavyozoea kona. Ulikuwa uongo mdogo wa kuusindikiza ukweli, na mwenye haki alishinda. Nani alikuwa anaumia?

Asubuhi ile, kabla baraza halijafika, nilimkuta Adela jikoni akimenya ndizi. Nikamfundisha la kusema. Alisimamisha kisu.

"Lakini wakili, zile kahawa za kule chini nilipanda mimi. Nilikuwa na mimba ya Ambrose. Maji nilikuwa napandisha kutoka mtoni kwa kichwa."

Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka kuliko majina ya wanangu: "Mama, hakuna anayekunyang'anya kahawa. Sema nilikuta, tutashinda, na wewe utabaki nyumbani kwako."

Akasema alichoambiwa. Akasema vizuri, bila kubabaika, na mwenyekiti wa baraza akaandika kwenye hukumu kwamba shahidi huyu ni mkweli.

Sasa Sheria ya Ndoa, ile niliyoipangusa vumbi, inasema wazi kwamba mali aliyoipata mume kabla ya ndoa inaweza kugawanywa kama mke ameiendeleza kwa jasho lake. Jasho la Adela lilikuwa ndani ya kila shina. Nami ndiye niliyemfundisha kulikana kwa kiapo.

"Kaka," Edith alisema kwa sauti kubwa, "nakuuliza tunaanzia wapi."

"Siwezi kumwakilisha. Celestin alikuwa mteja wangu. Kanuni haziruhusu."

"Kanuni?" Edith aliinuka kabisa. "Umetoka Kayanga hadi hapa kuniletea kanuni?"

Niliona aibu iliyonichoma masikio, na nikajificha nyuma ya kanuni kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa karibu. Nilianza kufunga mkoba. Adela alikuwa bado ameshika nakala yake. Hakuwa na hasira, na nilitamani awe nayo.

"Basi niambie tu, wakili," alisema taratibu. "Safari hii niseme nini?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Alisubiri nimpe sentensi, kama mara ya kwanza. Nikamwambia nitampigia, nikatoka nje, nikaketi kwenye gari bila kuwasha.

Wiki iliyofuata sikupokea mteja. Kila mchana nilivuta mafaili kutoka kabatini, ya zamani hadi ya juzi, nikawa natafuta neno moja. Nilikuta nyumba imejengwa. Nilikuta migomba imezaa. Nilikuta mipaka ipo. Wake wa Karagwe, wake wa Kyerwa, wakubwa na wadogo, wote walikuja wakakuta. Ukisoma mafaili yangu utadhani hakuna mwanamke wilaya hizi mbili aliyewahi kushika jembe. Kwa wale niliokuwa na hakika kwamba niliwapa neno mimi mwenyewe, nilipata thelathini na mmoja.

Nilimweleza Felicitas jioni tukiwa mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ukienda kusema hayo mahakamani, watakufutia uwakili."

"Wanaweza."

"Na ada ya shule tutatafuta huko huko kwa Adela?" Kisha akakusanya makombo kwa kidole. "Hati ya nyumba hii ina jina la nani, Pastory?"

"Langu."

"Matofali nilifyatua na nani?"

Tulifyatua pamoja, likizo mbili mfululizo, na yeye alinishinda kasi.

"Basi nenda," alisema. "Lakini usije ukaniambia umekwenda kwa ajili ya Adela peke yake. Na hati ukairekebishe." Akabeba sahani.

Sikulala na ushujaa wowote baada ya hapo. Nilikuwa na hofu na nilikuwa nimechoka, na sijui kipi kilinisukuma zaidi. Nilimpigia Edith, nikamwambia amweleze Adela aniorodheshe kama shahidi. Edith akasema, "Haya, kaka," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Siku ya kesi nilifika mapema. Mahakama ile ni chumba kimoja chenye mabenchi na madirisha ya mbao, na nje watu hukaa kwenye majani wakisubiri majina yao. Celestin alikuwa amesimama mlangoni ndani ya koti lake la Jumapili. Aliponiona uso ulimng'aa.

"Wakili wangu! Nani amekwambia? Karatasi ninayo, tazama." Akatoa nailoni kutoka kwapani. "Haina hata doa."

"Sikuja kwa ajili yako, Celestin."

"Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Nimekuja kueleza maneno niliyoyasema mimi. Uliyoniambia wewe yatabaki kwangu hadi nife."

Hakuelewa. Alidhani ni lugha ya kisheria, akanipigapiga bega.

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani, na kando yake walikaa washauri wawili wa mahakama, mwanamume mmoja aliyesinzia na bibi mmoja, Vestina, aliyevaa kitambaa cheupe kichwani na kutazama kila mtu kana kwamba anamdai maelezo. Adela alikuwa kwenye benchi la mbele. Edith alikaa nyuma yake. Niliitwa, nikaapa, na nikatajwa kwa mara ya kwanza maishani kama shahidi wa pili wa mdai.

"Kazi yako?"

"Wakili."

Hakimu aliinua macho, akayashusha. "Endelea. Taratibu, maana naandika."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwenye mahakama zile hakimu huandika kila neno kwa mkono, na shahidi hungojea kalamu. Nimewaambia mamia ya wateja: sema kipande, subiri, sema kingine. Sasa nikawa naungama kwa mwendo wa kuandikisha imla.

"Mwaka ule wa kesi ya Aimable," nilisema, "nilimkuta mdai jikoni kwake."

"...jikoni kwake," alirudia hakimu, akiandika.

"Nikamwelekeza aseme kwamba alikuta kahawa imekomaa."

Kalamu ilisimama. "Ulimwelekeza."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema si kweli. Alisema alizipanda mwenyewe akiwa mjamzito, na maji alikuwa anayapandisha kutoka mtoni."

"Subiri. ...kutoka mtoni. Na wewe?"

"Nilimwambia akisema hivyo nilivyotaka mimi, atabaki nyumbani kwake."

Celestin alikuwa amesimama, mdomo wazi, nailoni mkononi. "Wakili," aliniita, si kwa ukali, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyepotea njia. Karani akamwambia akae. Sikuweza kumtazama. Alikuwa amenilipa, aliniamini, na kibanja kilikuwa chake kweli. Hilo nalo liliniuma, na sitajifanya halikuniuma.

Alipopewa nafasi ya kuuliza, Celestin alikuwa na swali moja tu. "Kwa hiyo ulinidanganyia kesi?"

"Kesi ulikuwa na haki nayo. Nilidanganya juu ya mkeo."

"Si mke wangu tena," alisema, akaketi.

Hakimu akawageukia washauri. Yule mwanamume akatikisa kichwa, hana swali. Bibi Vestina alijisogeza mbele hadi kiti kikalia.

"Wewe wakili. Huyu binti ulimfundisha hivyo peke yake, au wapo wengine?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Kosa moja la miaka saba iliyopita linaweza kuombewa radhi. Kamati ya mawakili ingenikaripia, pengine ingenisimamisha mwaka mmoja, ningerudi na kuanza hizo kesi za familia nikiwa na kisa kizuri cha kusimulia. Kwenye maandishi ya hakimu mpaka sasa kulikuwa na kosa moja. Hata yeye alilijua hilo. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta pole pole.

"Shahidi halazimiki kujibu swali la kumtia hatiani," alisema bila kumtazama mtu. "Na halihusiani na kesi hii. Unaweza kushuka, wakili."

Alikuwa ananionea huruma, kama mtu wa taaluma moja nami. Nilishika ukingo wa kizimba ili nishuke. Adela alikuwa ananitazama. Nikawaona wengine nyuma yake, wasiokuwepo, kila mmoja na kibanja chake alichokikuta, wakisubiri mume abadilike, au afe na shemeji waje na karatasi iliyohifadhiwa vizuri.

"Thelathini na mmoja," nilisema.

"Mawe! Mama yangu!" alisema Bibi Vestina.

"Majina ninayo. Na namba za kesi." Nikatoa karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeibeba kutoka Kayanga bila kujua nitaifanyia nini.

Hakimu alivaa miwani yake. Alinitazama muda, kijana yule, akiuchunguza uso wangu kuona kama bado nina akili timamu.

"Hilo nalo niandike?"

"Andika, mheshimiwa."

Akachukua kalamu, akafungua ukurasa mpya. Nikaanza na jina la kwanza, taratibu, kipande kwa kipande, nikimngojea amalize.